Handakini: Koleo Kwanza, Bunduki Baadaye

Swali la msomaji: "Kwenye filamu za Vita Kuu ya Kwanza naona askari wamejibanza katika mitaro ya matope wakingoja filimbi ilie. Kwani siku nzima walikuwa wakifanya nini? Walilala wapi, walikula nini, choo walienda wapi, na kwa nini wasitoke tu wakapigana? Nauliza pia kwa sababu nyumbani tunaambiwa babu mzaa babu yetu alikuwa mpagazi wa Waingereza vita hiyohiyo, huku upande wa Taveta. Naye alikaa handakini?"

Jibu: Ndugu msomaji, filamu hupenda filimbi na singe. Askari wa handakini mwenyewe alishika koleo saa nyingi kuliko alizofyatua bunduki, na saa nyingi zaidi alibeba mzigo gizani. Ukilishika hilo, mengine yote uliyouliza yanaeleweka. Nitazungumzia zaidi jeshi la Uingereza huko Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, na Wajerumani na Wafaransa nitawagusa inapobidi. Babu yenu nitamfikia mwishoni.

Kwanza hilo la kutotoka. Kufikia mwisho wa 1914 mahandaki yalikuwa yamechimbwa kutoka pwani ya Bahari ya Kaskazini, karibu na Nieuwpoort, hadi mpaka wa Uswisi, kama kilomita 700. Huwezi kumzunguka adui ambaye mstari wake hauna mwisho wa kuupitia, kwa hiyo njia iliyobaki ni ya mbele. Na mbele kulikuwa na seng'enge, nyuma ya seng'enge bunduki za rashasha, na nyuma ya hizo mizinga iliyokwisha kupima kila mita ya uwanja. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, kaskazini mwa Ufaransa, Waingereza walitoka. Siku hiyo moja walipoteza watu 57,470, waliokufa wakiwa 19,240 na waliobaki wengi wao majeruhi. Ndiyo maana siku za kawaida watu walikaa chini.

Lakini hawakukaa miaka minne mfululizo, kama wengi wanavyodhani. Batalioni, yaani kikosi cha watu kama elfu moja, ilizungushwa kwa zamu: siku chache mstari wa mbele, mara nyingi 4 hadi 8, siku kadhaa katika handaki la nyuma yake, siku nyingine katika akiba, kisha mapumziko vijijini ambako mizinga ilifika kwa nadra. Kwa mwaka mzima, askari wa miguu alikuwa mstari wa mbele kabisa kama asilimia 15 tu ya muda wake. Neno "mapumziko" nalo usilichukue jinsi lilivyo. Batalioni iliyo mapumzikoni ndiyo iliyoitwa usiku kubebea wenzake mbao, maji na seng'enge. Wako walioona afadhali mstari wa mbele, ambako angalau sajenti hakuwa na nafasi ya kuwapigisha kwata.

Sasa handaki lenyewe. Lilikuwa na kina cha mita 2 au zaidi kidogo, na chini lilikuwa jembamba, watu wawili wakipishana kwa shida. Ukingo wa mbele uliinuliwa kwa magunia ya udongo hadi unene wa mita moja au zaidi, maana risasi ya bunduki hupenya udongo mwingi kuliko unavyodhani. Ukingo wa nyuma nao uliinuliwa, ili vipande vya kombora lililopasukia nyuma visimpate mtu mgongoni, na pia kichwa cha mlinzi kisionekane dhidi ya anga. Kwa kuwa handaki lina kina kuliko kimo cha mtu, upande wa mbele liliachiwa kibaraza cha udongo, kama sentimita 50 au 60 kutoka chini. Mlinzi alisimama juu yake kuchungulia na kupiga risasi. Mchana kilikuwa baraza kwelikweli: watu waliketi hapo, walikula hapo, waliandika barua hapo.

Kitu ambacho filamu nyingi hukosea ni umbo. Handaki la mstari wa mbele halikwenda moja kwa moja. Lilikatwa vyumbavyumba vya mita 5 hadi 9, na kati ya chumba na chumba liliachwa bonge la udongo ambalo ulilazimika kulizunguka kwa kona mbili. Lengo ni kwamba kombora likiangukia chumba kimoja, vipande na mshindo viishie humo humo. Pia adui akiingia handakini hawezi kupanga rashasha akasafisha urefu wote. Gharama yake ilikuwa mwendo. Mwenye machela alihangaika kila kona, na katika mahandaki membamba majeruhi alilazimika kubebwa kwa turubai au mgongoni.

Kulichimba kulikuwa kazi ya usiku. Wahandisi wa jeshi la Uingereza walikadiria watu 450 kwa saa 6 kumaliza mita 250 za handaki la mbele. Utepe mweupe ulitandazwa chini kuonyesha mstari, kila mtu akapewa kipande chake, sururu na koleo, na amri ya kutosema neno. Fataki ya mwanga ikirushwa na adui, mchimbaji alitakiwa kuganda jinsi alivyo, hata kama ameinama na koleo limejaa. Kujitupa chini ndilo kosa la mgeni, kwa sababu usiku jicho hukamata kinachosogea kuliko kinachosimama.

Magunia yalikuwa na ufundi wake, na uzembe ulionekana mvua ya kwanza. Gunia hujazwa robo tatu tu, likijaa pomoni halilali sawa. Hupangwa kama matofali, safu moja kwa urefu na nyingine kwa upana, mdomo na mshono vikigeukia ndani ya ukuta, kisha hupigwa kwa mgongo wa koleo hadi libanane. Ukigeuza mshono nje, gunia hupasuka na ukuta humwagika.

Na ukuta ulimwagika mara nyingi, kwa sababu adui wa kila siku alikuwa maji. Bonde la Flanders, huko Ubelgiji, ni tambarare na maji yako karibu na uso wa ardhi. Ukichimba nusu mita tu unaweza kuyakuta. Huko "handaki" mara nyingi lilikuwa ukuta wa magunia uliojengwa juu ya ardhi, na mtaro wenyewe ulikuwa wa kina kifupi tu. Kule Somme kuna miamba laini ya chokaa inayokauka upesi, na Wajerumani, waliochagua miinuko kwa sababu walikuja kukaa, walichimba vyumba vya chini hadi mita 9 au 10, vyenye ngazi, vitanda na pengine umeme. Waingereza walikatazwa kujistarehesha namna hiyo: majenerali wao waliona handaki ni mahali pa kuondokea kwenda mbele, na askari aliyezoea nyumba nzuri hatatoka. Hapo nadhani walikosea, na waliolipa ni wale waliolala katika vishimo walivyojichongea ukutani, miguu ikiwa nje.

Dawa ya maji ilikuwa mbao. Fremu zenye umbo la herufi A ziliwekwa kichwa chini, na juu ya ule mti wa katikati zikalazwa chaga za mbao, mfano wa chaga za kitanda, ili watu watembee juu na maji yapite chini. Kila baada ya hatua kadhaa kulikuwa na shimo la kukusanyia maji, na pampu ya mkono. Kuta zilishikiliwa kwa fito zilizosukwa, mabati au wavu wa chuma. Hitilafu ya kwanza ilikuwa shimo la maji kujaa matope na pampu kuziba. Ya pili ilikuwa binadamu: usiku wa baridi, chaga ni kuni kavu nzuri. Ikitolewa moja, atakayepita baadaye na mzigo anaingiza mguu katika pengo na kuvunjika kifundo. Na mahali pengine hapakuwa na pa kuyatupia maji; ukiyapiga pampu yanashuka kwa batalioni jirani, au yanarudi.

Ratiba ya siku ilianza kabla ya mapambazuko. Kama saa moja kabla ya jua, kila mtu alipanda kibarazani, bunduki mkononi na singe imechomekwa, kwa kuwa alfajiri ndiyo saa iliyofaa kushambulia. Jioni kigizagiza kilipoingia walirudia hivyohivyo. Pande zote mbili zilifanya hivyo kila siku, kila upande ukimngoja mwenzake, na mara nyingi zilimwagiana risasi na makombora kwa dakika kadhaa kama salamu ya chuki. Mwanga ukikamilika waliteremka. Hapo ndipo ramu ilipogawiwa, ikitoka katika mitungi ya udongo ya galoni moja, kijikombe kimoja kwa kila mtu, na mara nyingi afisa alisimama kuhakikisha kimenywewa palepale, kisiwekwe akiba wala kuuzwa. Kisha bunduki zilisafishwa na kukaguliwa, halafu kifungua kinywa, na katika maeneo mengi pande zote mbili zilinyamaza wakati huo bila makubaliano ya maandishi.

Mchana ulikuwa wa walinzi wachache na usingizi wa vipande. Mlinzi alitazama kwa periskopu, kioo juu na kioo chini, kwa sababu mdunguaji wa upande wa pili alikuwa na darubini na subira. Sehemu ambayo ukingo umebomoka usiku na bado haujajengwa ndiyo iliyoua wageni: mtu mrefu akipita hapo bila kuinama, basi. Walio na nafasi walilala saa moja, saa mbili, wamejikunja kibarazani. Kwa jumla wengi walilala saa chache sana kwa siku, na uchovu huo ulifanya kazi yake: mtu anasahau kuinama, anasahau barakoa ya gesi, anasinzia lindoni. Adhabu ya kusinzia lindoni katika sheria ya Waingereza ilikuwa kifo. Mamia walihukumiwa, ila waliopigwa risasi kweli kwa kosa hilo walikuwa wawili tu, na hao walikuwa Mesopotamia, Iraki ya leo.

Usiku ndipo kijiji hicho kilipoamka. Kundi moja linakarabati ukuta, jingine linaenda kuchukua chakula, jingine linatambaa eneo lisilo na mwenyewe, kati ya pande mbili, kusikiliza, na jingine linatandaza seng'enge. Seng'enge iliwekwa mbali kiasi kwamba adui aliyekwama hapo hawezi kurusha bomu la mkono likafika handakini. Mwanzoni vigingi vya mbao viligongwa kwa nyundo iliyofungwa gunia, na sauti yake ilisikika hata hivyo. Baadaye vilikuja vigingi vya chuma vyenye ncha ya parafujo: unapenyeza kijiti kwenye tundu la juu, unazungusha, kinazama ardhini bila kelele. Waya ulikuja katika rola nzito, ikachomekwa mti katikati na kubebwa na watu wawili. Makopo matupu yalitundikwa ili ikiguswa ilie. Yaliachwa mapengo ya kupita doria, na mapengo hayo yalipaswa kujulikana na walinzi wote. Doria iliyorudi kupitia pengo lisilotarajiwa ilipigwa risasi na wenzake.

Chakula hakikupikwa mstari wa mbele kama unavyofikiri. Moshi mchana ni sawa na kumwandikia mpiga mzinga anwani. Kipimo rasmi cha Mwingereza mwaka 1914 kwa siku kilikuwa kizuri: nyama mbichi gramu 560 hivi au ya kopo gramu 450, mkate gramu 560 au biskuti gramu 450, nyama ya nguruwe ya kukausha gramu 110, jibini gramu 85, jemu gramu 110, sukari gramu 85 na majani ya chai kama gramu 18. Kilipunguzwa vita vilipoendelea, na mbele kilifika kile kilichonusurika njiani. Mkate, chai, sukari na jibini viliwekwa katika gunia moja, gunia likafungwa mafundo kutenganisha, likabebwa mvuani kupitia njia za mahandaki zaidi ya kilomita moja. Vikifika, mkate una ladha ya katani na chai imeshaonana na sukari. Mchuzi uliotoka jikoni nyuma ulibebwa katika masufuria makubwa yenye mifuniko, au katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili usipoe, na mara nyingi ulipoa. Mbele waliongezea joto kwa jiko ambalo ungelitambua mara moja: ndoo iliyotobolewa matundu, ndani mkaa wa kuni au wa mawe.

Biskuti hizo usizifananishe na za dukani kwako. Zilikuwa ngumu kiasi cha kumvunja meno aliyekuwa nayo mabovu, na wengi walizisaga kwa kitako cha singe, wakaloweka na kupika uji wenye maziwa ya kopo. Kila askari alikuwa pia na akiba ya dharura, nyama ya kopo, biskuti, chai na sukari, ambayo hakuruhusiwa kuifungua bila amri ya afisa. Wajerumani walianza vizuri, lakini meli za Uingereza zilifunga bahari, na majira ya baridi ya 1916 na 1917 hata raia kwao waliishi kwa mizizi ya tanipu. Mfaransa alikuwa na mvinyo wake mwekundu wa kila siku, na usingeuondoa bila maasi.

Maji yalibebwa katika makopo ya petroli ya galoni mbili, lita 9 kila moja, moja mkono huu na jingine mkono ule. Hayakuoshwa vya kutosha, hivyo chai ilinuka petroli, na juu yake harufu ya klorini iliyotiwa kuua vijidudu. Kiu ilikuwa ya kweli. Maji yapo mpaka magotini, lakini ndani yake kuna maiti, vinyesi na baadaye sumu ya gesi. Aliyeyanywa kutoka shimo la kombora alihara, na kuhara handakini ni adhabu ya wote waliomo chumbani humo.

Hapo ndipo lilipo swali lako la choo. Choo kilichimbwa mwisho wa kijitaro kifupi kilichotoka nyuma ya handaki la mbele, ama shimo la kina cha mita moja na nusu lenye ubao juu, ama ndoo. Kila kombania ilikuwa na watu wa usafi waliomwaga ndoo usiku, kufukia mashimo yaliyojaa na kunyunyiza chokaa ya klorini. Kasoro yake ilikuwa kwamba njia inayopitwa na watu wengi saa zilezile za asubuhi huonekana kutoka angani na kutoka miinuko, na adui alilenga hapo. Hivyo wengi hawakuthubutu. Walitumia kopo la nyama na kulirusha nje ya ukingo, na majira ya joto nzi wakatoka huko kuja kwenye jemu. Batalioni yenye nidhamu ya choo ilionekana kwa idadi ya wagonjwa wake, kuliko hata kwa shabaha yake.

Nadumu kidogo kwenye miguu, kwa sababu hapo ndipo jeshi lilijifunza jambo. Majira ya baridi ya 1914 kuingia 1915, Waingereza kama 20,000 waliondolewa vitani kwa ugonjwa wa miguu. Haukuletwa na barafu. Unahitaji maji baridi tu, kusimama bila kusogea na kitu kinachobana: buti lililokazwa, au vile vitambaa virefu vilivyozungushwa kuanzia kifundo hadi goti, ambavyo vikilowa husinyaa. Damu inashindwa kufika. Kwanza mguu unakufa ganzi na kuwa mweupe au wa bluu, mgonjwa anafikiri amepata nafuu. Ukipata joto unavimba, unakuwa mwekundu, na maumivu yake ni kwamba hata blanketi haliguswi. Ukichelewa, malengelenge, donda ndugu, kisu cha daktari.

Kinga ilikuwa ya kuchosha lakini ilifaa. Angalau mara moja kwa siku kila mtu avue buti, akaushe miguu kabisa, isuguliwe kwa mafuta ya nyangumi mpaka ipate joto, kisha avae soksi kavu. Watu walipangwa wawiliwawili, kila mmoja akisugua miguu ya mwenzake, maana mtu aliyechoka huidanganya miguu yake lakini hawezi kumdanganya anayeikamata. Soksi kavu zilikuja usiku pamoja na chakula, zilizolowa zikarudi nyuma kukaushwa. Batalioni moja ilimaliza hata lita 45 za mafuta hayo kwa siku. Mafuta peke yake hayakuwa dawa. Ukipaka juu ya mguu uliolowa umefungia maji ndani. Buti ndefu za mpira nazo zilisaidia hadi matope yalipozidi kimo chake. Yakishaingia, mguu unachemka katika supu baridi. Kuanzia 1915 wagonjwa wengi wa miguu walihesabiwa kuwa aibu ya afisa, naye akaulizwa. Ugonjwa ulipungua sana, ingawa haukwisha.

Chawa hawakushindwa kamwe. Huyu si wa nywele, ni wa nguo: hutaga mayai katika mishono ya shati na suruali, na mtu aliyejaa joto ni kiangulio. Askari walivua mashati na kupitisha mwali wa mshumaa mshononi, taratibu kiasi cha mayai kupasuka na haraka kiasi cha nyuzi kutoungua. Nyuma kulikuwa na mabafu, mara nyingi katika viwanda vya bia vilivyohamwa, ambako watu waliruka katika mapipa ya maji ya moto huku nguo zikipitishiwa mvuke au pasi. Lakini mayai yaliyobaki ndani ya mshono yalianguliwa mtu alipoivaa nguo, na baada ya saa chache alikuwa anajikuna tena. Homa ya mahandaki, iliyomlaza mtu kwa vipindi vya siku tano hivi na kumuumiza mifupa ya miguu, ilianza kuandikwa na madaktari 1915. Ilichukua hadi 1918 kuthibitika kwamba chawa ndiye mwenezi, kwa kinyesi chake kinachoingia ngozini mtu anapojikuna. Panya nao walinenepa kwa maiti na mabaki ya chakula. Mkate ulitundikwa darini kwa waya, na panya walijifunza kushuka kwa huo waya.

Je, nini kiliwaua zaidi? Si singe unayoiona kwenye filamu. Katika hesabu za majeraha ya Waingereza, makombora ya mizinga mikubwa na ile midogo ya handakini yalisababisha zaidi ya asilimia 58, risasi kama 39, na singe chini ya nusu ya asilimia moja. Ndiyo maana kofia za chuma, ambazo Waingereza walianza kuzigawa mwishoni mwa 1915, zilileta tofauti kubwa: zilitengenezwa kuzuia vipande vinavyonyesha kutoka juu, risasi ya moja kwa moja hazikuizuia. Udongo wa mashamba uliotiwa samadi karne nyingi uliingia kila jeraha pamoja na kipande cha nguo, ukaleta pepopunda na donda ndugu. Sindano ya seramu ya kuzuia pepopunda ilipoanza kuchomwa kwa kila majeruhi, ugonjwa huo ulishuka ghafla.

Gesi ya klorini ilitumiwa na Wajerumani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na Julai 1917 ilikuja ile ya haradali, ambayo kwa maisha ya kila siku ilikuwa mbaya zaidi. Klorini unaiona na kuinusa, inapita na upepo. Haradali hukaa udongoni siku nyingi. Mtu aliketi katika shimo lenye harufu hafifu, akaondoka salama, na saa kadhaa baadaye ngozi ikatoka malengelenge na macho yakafumba. Kwa hiyo barakoa ilining'inia kifuani muda wote, na kila mlinzi alikuwa na ganda tupu la kombora la kugonga kama kengele.

Kukaa chini ya mizinga bila la kufanya kulikuwa na jeraha lake. Daktari Charles Myers aliandika kuhusu hali hiyo katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1915: watu wazima wa mwili waliotetemeka, walioacha kusema au kuona. Wakuu wengi waliuita woga. Askari wenyewe walijua tofauti. Mwoga hukimbia, na hawa wengine walikuwa wamekaa miezi.

Zamu ikiisha, batalioni mpya ilikuja usiku kwa mstari mmoja, kila mtu akimpasia wa nyuma neno: "shimo kushoto", "waya juu". Afisa aliyeingia alitia sahihi orodha ya mali ya handaki, pampu ngapi, buti za mpira jozi ngapi, periskopu, kengele za gesi, majiko. Ubishi kuhusu buti zilizokosekana ulikuwa wa kawaida, hata makombora yakipita juu.

Sasa babu yenu. Mpagazi wa Afrika Mashariki kwa kawaida hakuishi handakini. Vita vya huku vilikuwa vya kutembea, kilomita mia kwa mia, dhidi ya jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lililokuwa likihama, na kwa kuwa mbung'o waliua farasi na nyumbu, mzigo ulienda kichwani kwa mtu. Waliokufa miongoni mwa wapagazi ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria, nimonia na posho isiyotosha au isiyopikika: mahindi na unga mgeni kwa mtu aliyezoea ndizi, bila sufuria wala muda wa kuchemsha. Kwa hiyo wakikuambia kazi yake ilikuwa kubeba, hiyo ni kazi ileile iliyomla askari aliyekuwa Ubelgiji usiku, tofauti yake ni kwamba kule zamu ya mtu kubadilishwa iliandikwa.

Lakini kwa kuwa mmetaja Taveta, mahandaki yalikuwepo. Mlima mdogo wa Salaita, mashariki ya Taveta, ulishikwa na Wajerumani na askari wao waafrika, na tarehe 12 Februari 1916 Waingereza waliushambulia wakiwa na brigedi mpya kutoka Afrika Kusini. Mizinga ilipiga kilele, ambako udongo uliochimbwa ulionekana wazi kutoka mbali. Watetezi hawakuwa kileleni. Mahandaki yao ya kweli yalikuwa chini, kwenye mguu wa mlima, yamefichwa vichakani, na walingoja washambuliaji wakaribie. Shambulio likavunjika siku hiyohiyo, na waliokuwa nyuma na makopo ya maji na masanduku ya risasi wakageuka nayo kurudi walikotoka.